Hafi Mtu Mpaka Aseme Naenda

Nirapada Kundu hakuwahi kusema "filamu" maishani mwake. Kwake filamu ilikuwa kitabu. Jumamosi alitazama kitabu, Jumapili asubuhi akakijadili barazani, na kikiwa kibovu alisema kitabu hiki hakina kichwa wala miguu. Watu wa umri wake katika vichochoro vya kaskazini mwa Kolkata wote walisema hivyo. Walipokuwa watoto kila filamu ilitolewa kwenye kitabu, na jina likabaki hata baada ya watengenezaji wenyewe kuacha kusoma. Vijana wakimsikia mzee akisema jana kaona kitabu kizuri walicheka, kisha wakarudi kwenye simu zao kugawa nyota, tatu kwa hii, mbili na nusu kwa ile, kana kwamba wametumwa kukagua hoteli.

Baraza lenyewe lilikuwa la nyumba ya akina Mallik, jiwe refu lililopakana na ukuta wa mbele, limelika kwa makalio ya watu wa vizazi vitatu. Katika mitaa mingine matajiri wapya walikuwa wamechomelea vyuma vyenye ncha juu ya baraza zao ili mpita njia asikae. Ukipita unaona nyumba zimekutolea meno. Akina Mallik walikuwa wanagombania urithi mahakamani na hakuna aliyepata nafasi ya kuwaza vyuma. Kwa hiyo watu waliendelea kukaa. Sasa baraza halipo. Pana geti, na mlinzi anayekuuliza unamtaka nani. Lakini wakati huo lilikuwepo, na Jumapili asubuhi ukimtaka Nirapada hukwenda dukani kwake kwenye vifungo na zipu na kulabu za blauzi. Ulikwenda barazani.

Waliokaa naye walikuwa wengi zamani, wakabaki wawili. Wa kwanza ni Bishwambhar, ambaye kila mtu alimwita Bishu, dereva wa tramu aliyestaafishwa pamoja na njia yake, maana reli aliyoiendesha maisha yake yote iling'olewa, ikawekwa lami. Wa pili ni Tarak, daktari wa dawa za homeopathi, mdogo wao, ambaye alitazama kila kitu kwenye simu na bado alihitaji wazee wamwambie alichokiona. Panchu, mwenye kibanda cha chai na chakula pale jirani, aliwaletea chai katika vikombe vidogo vya udongo, wakatafuna bajia za biringanya na bisi za mchele, wakaanza.

Vitabu vya anga za mbali vilikuwa mali ya Bishu, kwa kuvitukana. Wiki moja Tarak alisifu kimoja ambamo watu wamelazwa kwenye masanduku ya kioo, chombo kinasafiri kuelekea nyota nyingine, na wao wataamka baada ya miaka mia. Bishu alitaka kujua ni dereva gani anayelala miaka mia. Yeye aliwahi kusinzia mara moja, kwenye kona ya Shyambazar, akakatwa mshahara. Tarak akamweleza kwamba chombo kinajiendesha chenyewe. Bishu akasema ndiyo maana kilipotea. Kitu kinachojiendesha hakina wa kumtukana kikichelewa. Halafu yakaja mabishano ya kawaida, kwa nini wageni wasio na pua kutoka angani hawatui kwenye stesheni ya Howrah hata siku moja, siku zote hutua Amerika. Nirapada alisubiri wenzake wachoke, akasema kwa utulivu kwamba walishatua Howrah, wakakamatwa hawana tiketi.

Walicheka mpaka Panchu akaja kuangalia kuna nini. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa vitabu vya mizimu. Hapo hata Bishu alinyamaza na kusikiliza. Nirapada alikuwa na hukumu zake. Alisema mizimu ya siku hizi haina adabu kwa sababu haitaki kitu. Mzimu wa kwetu alitaka samaki. Alikaa juu ya mwanzi kando ya bwawa, ukipita na kapu kutoka sokoni anakuomba kwa sauti ya puani, ukimpa anakuacha. Huyu wa sasa anapiga milango tu. Mabwawa yamefukiwa, mianzi imekatwa ikajengwa maghorofa, mizimu wenye haja zao wamehama, wamebaki hawa wahuni.

Na alikuwa na kanuni moja iliyokuwa inarudiwa hata kwenye duka la kinyozi jirani. Alisema katika vitabu hivi hafi mtu mpaka aseme naenda. Mwangalie yule binti, anawaambia wenzake naenda kuangalia taa. Mwangalie yule polisi, anasema naenda chini. Basi kwisha. Wangelelewa kichochoroni kwetu, wakafundishwa na bibi zao kwamba mtu akivuka kizingiti husema nakuja, hata kama anakwenda Bombay, kitabu kingeisha kabla ya mapumziko na watu wote wazima. Tarak alisema hiyo ndiyo hukumu bora kabisa ya filamu za kutisha aliyowahi kuisikia, na aliiandika kwenye simu yake, na watu wasiomjua Nirapada wakaipa vidole gumba.

Jambo ambalo baraza halikulijua ni kwamba Nirapada alikuwa hajawahi kumwona mzimu hata mmoja.

Alikuwa mwoga. Mwoga wa kutoka tumboni, wa kutokwa jasho nyayoni. Mwezi aliooa alimpeleka Labanya, mkewe mpya, kwenye ukumbi wa Nandini, ambamo siku hizi wanauza vyoo vya kukaa na vigae, kutazama kitabu cha jumba lililokimbiwa. Mlango wa kwanza ulipolia yeye alifunga macho. Bibi harusi hakumcheka. Aliinama sikioni kwake, mdomo wake unanukia iliki, akamwambia: ameshika mshumaa, anapanda ngazi, ngazi ya nne imevunjika, sasa anageuka. Nirapada hakuwahi kufurahia kitabu namna ile. Tangu siku hiyo walitazama hivyo hivyo, ukumbini mpaka ukumbi ukafa, kisha nyumbani mbele ya runinga. Jioni Labanya alipuliza kombe lake la baharini mbele ya miungu, akafukizia ubani, akachukua sinia la njegere za kumenya, akakaa. Yeye alijifunika uso kwa taulo lake jekundu. Vichwa vikakatwa, watu wakatolewa matumbo, na Labanya akamenya njegere na kusimulia bila kupandisha sauti, huku akiongeza maoni yake. Huyu hana akili. Huyu anataka samaki tu, wampe. Mwone, kasema naenda, huyu hafiki asubuhi.

Maoni hayo yakatoka Jumapili na kuvuka kichochoro mdomoni mwa Nirapada. Dirisha la Labanya lilitazamana na baraza, na Jumapili asubuhi mbao zake za kijani zilikuwa zimeinuliwa upana wa kidole. Alikuwa pale nyuma na kisu cha mboga, akisikia maneno yake yanavyopokewa. Hakuwahi kulalamika. Labda ilimtosha. Mwanamke wa rika lake hakukaa barazani, na hilo ni moja ya yale ya zamani ambayo hayafai kuliliwa.

Sasa, ilikuwa Januari, kitabu cha Jumamosi kilikuwa kizuri, na Nirapada alikuwa amesifiwa mno. Tarak, kwa nia njema kabisa, akauliza kama shemeji naye hutazama mambo haya. Mtu aliyesifiwa mno hujiona anaweza kusema lolote.

"Yule?" alisema Nirapada. "Mzimu hajafika, yeye keshalala. Kwa Mama Jhuma kitabu cha mizimu ni dawa ya usingizi, kinampita hata Tarak na vidonge vyake."

Walicheka. Ng'ambo ya kichochoro mbao za dirisha zilishuka, pa. Ni Nirapada peke yake aliyeisikia, akabaki na bajia mkononi.

Mchana alipokaa kula alikuta kwenye sahani yake mkia wa samaki. Tangu harusi yake alikuwa anapewa kichwa. Alitazama mkia, akamtazama mkewe, naye alikuwa anaipepea mboga kana kwamba mboga ndiyo imemkosea. Alikula mkia, na miiba yake yote. Jumamosi iliyofuata Labanya alipuliza kombe kama kawaida, akaleta njegere, akakaa. Kitabu kikaanza. Chini ya taulo Nirapada alisikia upepo, kisha mbwa, kisha kimya kile kibaya kuliko vyote.

"Nini sasa?" alinong'ona.

"Nimelala," alisema Labanya, na njegere ziliendelea kudondoka siniani moja moja.

Angeomba radhi siku hiyo. Alitaka. Lakini kuomba radhi kwa mke ni kitu ambacho wanaume wa kichochoro kile hawakufundishwa, wakaishi miaka yote wakidhani mtu akinunua samaki mkubwa amekwisha kuomba. Alinunua samaki mkubwa. Alipewa mkia.

Mwezi Februari binti yao Jhuma alikaribia kujifungua, huko Nagpur alikoolewa. Safari ya Labanya ilikuwa imepangwa tangu zamani na haikuhusiana na lolote. Mkwe alikuja mwenyewe kumchukua, teksi ikasimama mdomoni mwa kichochoro, mizigo ikabebwa. Labanya alizima gesi, akaangalia tena kama ameizima. Akamwonyesha mumewe ilipo mitungi ya achari na mahali pa dengu. Akavaa viatu. Pale kizingitini akageuka, ukingo wa sari kichwani, akasema:

"Haya. Naenda."

Nirapada alihisi nyayo zake zinalowa. Katika ndoa yao yote hawakuwahi kulisema neno lile mlangoni. Labanya huyu huyu aliwahi kumfokea muuza mayai kwa kulisema, akamrudisha kutoka ngazini alisahihishe.

"Sema nakuja," alimwambia.

"Treni itaniacha, Baba Jhuma," alisema Labanya, akashuka ngazi.

Mjukuu alizaliwa salama, msichana, na simu zililia kila jioni. Labanya alizungumza vizuri. Alieleza uzito wa mtoto, pua ya mtoto, mafuta wanayompaka, jinsi watu wa Nagpur wanavyoharibu dengu kwa pilipili. Nirapada akimwuliza anarudi lini, alisema tutaona. Akiuliza tena, mtoto alikuwa amejinyea. Mama wengi wa mtaa ule walikwenda hivyo kwa binti zao kwa mwezi mmoja, na wako huko mpaka leo, wanalea, wana chumba chao na feni yao, na waume wao wanakula kwa Panchu. Alijua majina yao. Usiku alilala na kanuni yake mwenyewe kifuani. Hafi mtu mpaka aseme naenda. Hakuogopa kwamba Labanya atakufa. Aliogopa kwamba amekwenda.

Jumamosi mbili hakutazama kitu. Barazani alisema ana mafua. Ya tatu Tarak alimletea flashi mkononi, akamwambia kaka, hiki usikose, kesho nataka hukumu yako. Basi jioni akakaa peke yake. Kombe la jioni lilipulizwa na jirani. Hakukuwa na njegere. Alijiambia leo atafumbua macho, mtu mzima, ana mjukuu, akafumbua mpaka jina la kitabu lilipopita na mwanamke mmoja kushuka kwenye gari mbele ya nyumba ya mlimani. Kisha upepo ukalia kidogo tu, akajikuta ndani ya taulo. Akabaki humo mpaka mwisho, akisikiliza. Hakuna aliyemwambia ngazi ipi imevunjika.

Jumapili walimsubiri. Nirapada alikunywa chai nusu kikombe, akaanza kwa sauti ile ile ya siku zote. Alisema kitabu kimejengwa vizuri, ila mzimu anachelewa. Mahali pazuri kabisa, alisema, ni pale mzimu anapokwaruza mlango kwa kucha, kwa muda mrefu, na yule mwanamke ndani anaimba asimsikie.

Tarak aliweka kikombe chake chini. "Kaka," alisema, "yule alikuwa mbuzi."

"Nani?"

"Anayekwaruza mlango. Ni mbuzi wao, amefungiwa nje. Anaonekana kabisa."

Bishu alimtazama Nirapada kwa jicho la dereva aliyeona mtu amelala relini. "Au ulisinzia, ndugu yangu? Sema tu. Umri huu ni kawaida."

Alikuwa amepewa mlango wa kutokea. Angesema ndiyo, nilisinzia, wangemtania wiki mbili na yangekwisha. Nirapada aling'ang'ania kikombe chake cha udongo, akatazama dirisha la kijani ng'ambo, lililofungwa, lenye vumbi sasa. Kisha akatoa simu mfukoni, ile ya vitufe, akampigia Jhuma, akamwambia mpe mama yako. Akabonyeza sauti itoke nje. Akailaza simu juu ya jiwe, katikati ya vikombe.

"Mama Jhuma," alisema, "niko barazani. Nimetazama kitabu jana. Yaani sikukitazama. Nilifunga macho, kama siku zote. Nimewaambia mzimu alikwaruza mlango, kumbe mbuzi. Wewe ndiye uliyekuwa unaniambia siku zote. Basi niambie nilisikia nini."

Bishu alifungua mdomo, Tarak akamgusa goti. Kutoka Nagpur kilisikika kijiko kikigonga sufuria.

"Nani wako hapo?" aliuliza Labanya.

"Bishu na Tarak."

"Kaka Bishu anavuta?"

"Anavuta."

"Aizime kwanza. Kifua chake nakisikia mpaka huku."

Bishu alizima sigara kwenye ukuta wa akina Mallik, mtu ambaye hakuwahi kuwazimia hata madaktari. Labanya akaanza kumwuliza mumewe, polepole, kama anayechambua mchele. Maji yalidondoka? Yalidondoka. Kabla ya mlango au baada? Kabla. Mwanamke aliimba wimbo wa kulaza mtoto, na je, kuna mtoto aliyelia? Hakuna mtoto. Kisha akasema basi hana mtoto, na anayedondosha maji ni mama mkwe, amekufa kisimani au bafuni, na wimbo ule ni wake, binti ameuokota nyumbani humo bila kujua.

Tarak alipiga paja. "Ni bafuni. Ni mama mkwe kabisa. Shemeji, umeiona wapi?"

"Sijaiona. Huku naona nepi tu," alisema Labanya. "Na amerudi kwa sababu anataka kutajwa. Kila kitu nyumbani humo amefanya yeye, hakuna anayemtaja."

Hapo Tarak alisita, maana ni mtu mkweli. Alisema kwa heshima kwamba hapana, shemeji, mwishoni inaonekana anataka nyumba. Hati ya nyumba.

"Basi waliotengeneza wamekosea," alisema Labanya. "Mfu ana kazi gani na nyumba? Waulize akina Mallik waliokufa kama wanaitaka. Anataka kutajwa tu."

Bishu alikuwa anaangalia viatu vyake, na masikio yake yalikuwa mekundu kwa niaba ya rafiki yake. Nirapada aliinama karibu na simu.

"Leo ametajwa," alisema.

Kijiko kilisimama. Walisikia pumzi yake, na treni ya mbali, au feni. Halafu mtoto akaanza kulia, kilio kidogo kikavu kama mlango mpya, na Labanya akasema ngoja, ameamka. Nirapada aliishika simu kwa mikono miwili. Wote watatu walikuwa wameinamia jiwe.

"Haya," ilisema sauti ya Labanya, ikiwa imekwisha geuka upande. "Nakuja."

Simu ikakatika.

Nirapada alikaa wima. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyevikwa shada. Bishu aliwasha sigara yake tena, akavuta, akatoa moshi, na kwa kuwa hakuwahi kuacha kitu kizuri kipite bila kukigonga, akauliza:

"Sasa hiyo nakuja, alimwambia mtoto, au alikuambia wewe?"

Walibishana mpaka chai ya tatu. Tarak alishikilia kwamba kama ni mtoto, angesema nakuja mara mbili, hakuna anayemwambia mtoto mara moja. Bishu alisema sauti ilikuwa imegeuka, na sauti iliyogeuka haiwi ya mume. Nirapada aliinuka. Alivuka kichochoro, akapanda nyumbani, akafuta vumbi la dirisha kwa taulo lake jekundu, akainua mbao upana wa kidole.

Labanya alirudi Machi na kapu la machungwa. Alipoulizwa siku ile alimwambia nani, alisema mtoto alikuwa analia, Baba Jhuma, unauliza mambo gani, na akaingia jikoni. Jumapili iliyofuata Bishu mwenyewe alibeba kiti cha mbao, akakiweka mlangoni kwa akina Nirapada, kikitazama baraza, akarudi kukaa bila kumtazama mtu. Kiti kilikaa wazi asubuhi nzima, mbao za dirisha zikiwa juu. Wiki ya pili kilikuwa na mtu, na sinia.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku aliyorudi, mchana, Nirapada alikaa kula, akavuta sahani kwa woga. Kilikuwa kichwa, na macho yake mawili.